Soma Tarehe Kabla ya Kulipa

Leo tutazame maandishi madogo kwenye mikebe na pakiti za chakula. MFD ni siku chakula kilipotengenezwa. EXP ni siku ya mwisho ya kukitumia. Ikipita, usimpe mtoto. Kwa kawaida hapa Kenya siku hutangulia mwezi: 05/08 ni tarehe 5 Agosti. Mistari myeusi ni ya mashine ya dukani, haionyeshi tarehe. Tarehe ikiwa imefutwa au imebandikwa nyingine juu yake, usinunue.

Kumbuka, EXP ni ya mkebe ambao haujafunguliwa. Ukifungua maziwa ya unga ya mtoto, andika siku hiyo kwenye mkebe, uyatumie kwa muda ulioelezwa hapo tu. Mtoto hajui kusoma, msomee wewe.