Rufani za Zabuni: Siku Tano za Chama Kujitetea

Vyama vya ushirika na vikundi vya wananchi katika Kinondoni na Temeke huomba kazi nyingi za Serikali na Halmashauri: kuzoa taka, kusafisha masoko, kutengeneza madawati ya shule, kushona sare. Kazi hizo hutolewa kwa zabuni, au tenda kama wengi wetu tulivyozoea kusema. Chama kinapokosa, wanachama hunung'unika kwamba aliyepewa alikuwa na mkono wa mtu, na manung'uniko hayo hupelekwa kwa Diwani au kwa Mrajis. Lakini Diwani hana uwezo wa kisheria wa kutengua uamuzi wa zabuni, naye Mrajis ni msimamizi wa vyama, siyo wa ununuzi wa Serikali. Njia halali ipo. Makala haya yanakusudia kuieleza, hasa kwa Makatibu, kwa sababu wao ndio wanaopokea barua.

Wakazi wa zamani watakumbuka kuwa mwaka 1994 Halmashauri ya Jiji ilimkabidhi mkandarasi mmoja binafsi kazi ya kuzoa taka katika kata 10 za katikati ya jiji. Baadaye kazi hiyo iligawanywa kwa makandarasi wengi zaidi, vikiwamo vikundi vya wananchi. Katika miaka hiyo hiyo wananchi wa Hananasif, Kinondoni, walipewa mikataba ya kujenga mifereji na barabara za mtaa wao wenyewe. Lakini aliyenyimwa kazi wakati ule hakuwa na mamlaka maalumu ya kukatia rufani. Mamlaka hiyo ilianzishwa kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 3 ya mwaka 2001, nayo ni Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma. Sheria za mwaka 2004 na 2011 ziliiendeleza, na sasa inafanya kazi chini ya Sheria Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024.

Utaratibu wenyewe ni huu. Tathmini ikiisha na Bodi ya Zabuni ikaamua, mkataba hausainiwi papo hapo. Taasisi inayonunua hupaswa kwanza kuwaarifu waombaji wote kusudio lake la kumpa fulani kazi, na kumweleza kila aliyekosa sababu za kukosa kwake. Kisha husubiri siku tano za kazi. Ndani ya siku hizo asiyeridhika hupeleka malalamiko kwa Afisa Masuuli, ambaye katika Halmashauri ni Mkurugenzi. Mkurugenzi akipokea malalamiko husimamisha shughuli za zabuni hiyo, naye hutakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku tano za kazi. Jibu lisiporidhisha, au siku zikipita pasipo jibu, mlalamikaji ana siku tano nyingine za kazi kukata rufani kwenye Mamlaka, ambayo hutakiwa kuamua ndani ya siku 40. Chini ya sheria ya zamani zilikuwa siku 45. Wenzetu wa Kenya wamebana zaidi: Bodi yao ya mapitio ina siku 21 tu. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kuomba mapitio Mahakama Kuu ndani ya siku 14.

Siku za kazi hazihesabu Jumamosi, Jumapili wala sikukuu. Tuchukue kalenda ya mwaka 2025, na tuseme kwa mfano kuwa chama cha mafundi seremala wa Keko kilipata taarifa ya kukosa zabuni ya madawati siku ya Alhamisi, tarehe 3 Julai. Ijumaa tarehe 4 ni siku ya kwanza. Jumatatu tarehe 7 ni Sabasaba, haihesabiwi. Jumanne ni ya pili, na Ijumaa tarehe 11 ndiyo ya mwisho. Malalamiko yakifika Jumatatu tarehe 14, yamechelewa, hata kama chama kilikuwa na haki tupu. Malalamiko au rufani iliyochelewa hutupwa bila hoja zake kusikilizwa.

Hapo ndipo vyama vyetu vinapokwama, na kwa maoni yetu tatizo liko ndani ya vyama kuliko lilivyo katika sheria. Bodi ya chama hukutana pengine mara moja kwa mwezi. Katibu akingoja kikao kijacho, zabuni imekwisha. Inafaa basi kila Bodi ipitishe mapema azimio la kudumu, liandikwe katika kumbukumbu za kikao, kwamba Mwenyekiti na Katibu wana idhini ya kupeleka malalamiko ya zabuni na kulipa ada ya rufani, kisha watoe taarifa kwa Bodi.

La pili ni nywila. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma huendeshwa kwa mfumo wa kompyuta uitwao NeST, na mwaka 2025 malalamiko na rufani navyo vikaanza kupokelewa humo. Si ajabu chama kuwa kilisajiliwa na kijana wa duka la stesheni, kwa namba yake ya simu na nywila aliyoichagua mwenyewe. Taarifa ya kusudio ikitoka humfikia yeye, wala hana sababu ya kuiwahisha kwa Katibu. Namba na anwani ziwe za chama, na nywila ikae kwa Katibu na mtu mwingine mmoja aliyeteuliwa na Bodi.

Malalamiko yenyewe yaandikwe kwa ushahidi. Kusema kwamba mshindi ni ndugu wa ofisa, pasipo uthibitisho, hakusaidii. Swali lenye nguvu ni hili: je, tathmini ilifuata vigezo vilivyotajwa katika nyaraka za zabuni? Ikiwa nyaraka hazikudai cheti fulani, na chama kimeondolewa kwa kukosa cheti hicho, hiyo ni hoja. Ikiwa kilidaiwa na hamkukiambatanisha, hamna hoja, hata bei yenu ingekuwa ya chini kuliko zote. Mamlaka ikiridhika inaweza kutengua tuzo, kuamuru tathmini irudiwe au zabuni ianze upya, na kuamuru mlalamikaji afidiwe gharama.

Vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu vikumbuke pia kwamba sheria imevitengea asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma. Kikundi kilichoshindwa katika fungu hilo kina haki ile ile ya kulalamika.

Lipo jambo moja linalochanganywa mara nyingi. Chama kilichokwisha kusaini mkataba, kikafanya kazi na kucheleweshewa malipo, hakina rufani ya zabuni. Huo ni mgogoro wa mkataba. Barua ya madai ielekezwe kwa Mkurugenzi pamoja na nakala ya hati ya makabidhiano ya kazi, na asipolipa, kifuatwe kifungu cha utatuzi wa migogoro kilichomo ndani ya mkataba wenyewe, ambacho Katibu anapaswa kukisoma kabla chama hakijatia saini.