Asidi foliki isingoje kliniki ya wajawazito

Shirika la Afya Duniani linataka kila mjamzito apewe vidonge vya madini chuma na asidi foliki, yaani vitamini B9. Kwa damu ya mama vidonge hivyo vina faida kubwa. Lakini kwa kazi moja ya vitamini hiyo, mama anayevipata mara ya kwanza kliniki huwa amechelewa. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua hata kwamba ni wajawazito. Usipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au bila sehemu kubwa ya ubongo. Mwaka 1991 utafiti ulioongozwa na Waingereza, kwa akina mama waliowahi kupata mtoto wa namna hiyo, ulionyesha kuwa miligramu 4 kwa siku, kuanzia kabla ya mimba, zilipunguza hatari kwa asilimia 72. Kwa wanawake wengine ushauri ni mikrogramu 400 kila siku, tangu wanapoanza kutafuta mtoto hadi wiki ya 12.

Msomaji wa Shituru, komini ya Likasi iliyo kando ya mitambo ya shaba na kobalti ya kampuni ya Gécamines, atauliza kama lawama ya kasoro hizo si ya migodi. Swali hilo ni la haki. Utafiti wa Lubumbashi uliochapishwa mwaka 2020 uliona kuwa watoto wenye baba wanaofanya kazi za migodi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaliwa na kasoro. Vitamini haisafishi vumbi la madini, wala haiwaondolei wenye migodi wajibu wao. Inaziba tundu moja tu, ila tundu hilo linazibika leo, kwa bei ndogo. Wengine watasema sombe na maharagi yanatosha. Vyakula hivyo vina B9 kweli, na viendelee kuliwa pamoja na bukari. Lakini vitamini hiyo huharibiwa na moto na hutoka na maji, na sombe lazima ichemshwe sana ili sumu yake iishe.

Hata hivyo, kuzidisha si kujikinga. Kidonge cha miligramu 5 kina zaidi ya mara kumi na mbili ya kipimo cha kawaida, na hupunguza nguvu ya Fansidar, ile SP wanayomeza wajawazito dhidi ya malaria. Dozi kubwa pia huweza kuficha upungufu wa B12 huku neva zikiendelea kuumia. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa, apangiwe dozi na daktari.

Basi vidonge vya mikrogramu 400 vitolewe pale wanawake wanapofika kabla ya mimba: kwenye uzazi wa mpango, na siku wanapoleta watoto kuchanjwa. Wewe unayepanga kuzaa, viombe kabla hujaacha kinga.