Mashine ya supu ya umeme katika jiko la Masisi na Walikale

Ndugu walioko Brussels, Montreal au Nairobi wakipata nafasi hutuma vyombo vya jikoni nyumbani, na siku hizi kimojawapo ni mashine ya supu: jagi refu la chuma, mfuniko mzito wenye waya, na vitufe vichache. Nje ya boksi pana picha ya supu ya karoti inayofuka mvuke. Maelezo ya ndani yaliandikwa kwa mtu ambaye umeme wake haukatiki na anayeishi karibu na usawa wa bahari. Mama anayepika Masisi au Walikale anahitaji maelezo mengine, na hayo ndiyo ninayotaka kumpa hapa, kwa sababu mashine hii ikitumiwa vibaya huharibika, na kwa vyakula viwili vitatu tunavyovipenda sana inaweza hata kumdhuru mlaji.

Jinsi inavyofanya kazi si jambo gumu. Ndani ya kitako cha jagi kuna kipashio cha wati 800 hadi 1,000. Mfuniko umebeba mota, na kutoka kwenye mota hushuka mhimili wenye visu mpaka karibu na kitako. Ujazo wake ni kama lita moja na nusu, bakuli nne au tano. Ukibonyeza kitufe cha supu laini, inachemsha, inatokosa, kisha visu vinaanza kusaga kwa vipindi vifupi. Baada ya dakika 20 hadi 30 inalia, supu iko tayari. Kitufe kingine hutokosa tu na kuacha vipande vyake.

Tuanze na umeme. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya baridi kunahitaji takriban kilowati-saa 0.13, na mzunguko mzima wa supu unaweza kufika 0.2 au 0.3. Kwa siku nzima hicho ni kiasi kidogo. Ugumu ni kwamba mashine inakidai chote kwa mkupuo. Mfumo wa sola wa taa na simu hauwezi kabisa. Hata mwenye betri ya volti 12 yenye amperi-saa 100 afikiri mara mbili: wati 1,000 kutoka kwenye betri hiyo ni zaidi ya amperi 80, kabla inverta haijala sehemu yake. Nyaya nyembamba zinashika moto, inverta inapiga kengele na kuzima, na betri ya asidi ikitendewa hivyo mara kwa mara inakufa kabla ya wakati wake. Zile jenereta ndogo za wati 650 zinazoendesha mashine za vinyozi na vibanda vya kuchajia simu nazo zitazimika mara kipashio kitakapowaka.

Kwa hiyo mashine hii ni ya mtu mwenye umeme wa maji. Goma umeme huo upo kwa kiasi kikubwa kutokana na mtambo wa Matebe huko Rutshuru, wenye uwezo wa zaidi ya megawati 13, uliozinduliwa mwishoni mwa 2015 chini ya mpango wa Hifadhi ya Virunga. Mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kupunguza makala yanayochomwa ndani ya hifadhi. Ukipita Sake ukapanda kuelekea Masisi, au ukashuka msituni mpaka Walikale, kaya nyingi hazina laini. Zinategemea sola, jenereta, au mtambo mdogo wa mahali palipo na maporomoko. Na hata Goma laini si ahadi: Januari 2025, vita vilipoufikia mji, watu walikaa siku kadhaa bila umeme wala maji ya bomba. Familia nyingi za Masisi zilizokimbilia huko zinajua hayo kuliko mimi.

Tuseme umeme unao, ila ni dhaifu, kama ilivyo mara nyingi jioni kila mtu anapowasha. Nguvu ya kipashio haishuki sawasawa na volti, inashuka zaidi. Mashine ya volti 220 ikipata 180, wati 1,000 zinabaki kama 670 tu. Mashine nyingi zinahesabu dakika bila kuangalia kama karoti imeiva, hivyo zitasaga mboga mbichi na kulia kana kwamba kazi imekwisha. Dawa yake ni rahisi: mimina maji ya moto kutoka kwenye termosi badala ya maji ya baridi, na kata mboga ndogo ndogo, zisizozidi upana wa kidole gumba.

Mwinuko nao unachangia. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, karibu nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Goma, kwenye mita 1,500 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95. Kwenye malisho ya juu ya Masisi, penye mita 2,000, ni kama nyuzi 93. Walikale mjini, kando ya mto Lowa, ni chini zaidi, na huko yanakaribia nyuzi 98. Ndiyo maana mgeni kutoka Walikale hushangaa maharage ya Masisi yanavyochelewa kuiva. Mashine ya supu haina presha, kwa hiyo haiwezi kuushinda mwinuko. Viazi na karoti zitaiva, lakini vitu vigumu havitaiva.

Na hapa ndipo penye hatari. Usitie maharage makavu kwenye mashine hii, hata kama yamelowekwa usiku kucha. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha ndani ya saa chache, na punje chache tu zinatosha kumlaza mtu. Sumu hiyo huvunjika kwa kuchemshwa kwa nguvu. Joto la kadiri, la nyuzi 80 hivi, haliimalizi. Loweka maharage saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwenye sufuria kwa maji mapya, moto mkali, dakika 30 zisizopungua, ndipo uyaache yaendelee kuiva polepole. Maharage yaliyokwisha kuiva kabisa, yale yaliyobaki jana, hayo yatie kwenye mashine bila wasiwasi. Yanatoa supu nzito na nzuri ajabu.

Sombe nayo ibaki kwenye kinu na sufuria. Majani ya muhogo yana viini vinavyozaa sianidi. Mama anapoyatwanga mabichi, anaufungulia mmea wenyewe njia ya kuvivunja viini hivyo. Kisha anapoyachemsha muda mrefu kwenye sufuria, gesi yenye sumu inatoka na mvuke. Mashine inafanya kinyumenyume: inachemsha kwanza, na joto linaiua ile chachu ya jani inayovunja viini, halafu ndipo inasaga, tena mfuniko ukiwa umefungwa. Utapata rojo la kijani linalofanana na sombe, nalo lina sumu ambayo kinu kingeiondoa. Kazi ya bibi zetu katika hili ilikuwa sayansi kamili, na hakuna kitufe kinachoichukua nafasi yake. Lengalenga na majani ya maboga hayana shida hiyo.

Baada ya makatazo, sasa upishi. Masisi ina mali kwa mashine hii: viazi ulaya, karoti, kabichi, maboga, maziwa na jibini. Mimi huanza na kitunguu. Ndani ya mashine kitunguu kinachemka tu, hakikaangiki, na supu inabaki na ladha ya hospitali. Kwa hiyo kikaange pembeni kwa kijiko cha mawese, juu ya mbabula ileile inayochemshia maji ya termosi, mpaka kilainike na kianze kuwa na rangi. Mashine nyingi zina mistari miwili ndani ya jagi, wa chini na wa juu. Tia kitunguu, karoti tatu, viazi viwili vya wastani, chumvi, kisha maji ya moto mpaka katikati ya mistari hiyo. Koroga kwa mwiko kabla ya kufunga, uhakikishe hakuna kiazi kilicholala kwenye kitako. Hili la kukoroga watu hulipuuza, na ndilo linaloamua kama supu itaungua. Wanga wa kiazi hutulia chini, juu ya kipashio, na kushika ngozi ya kahawia. Mashine ikihisi joto limezidi inajizima yenyewe, na mwenye nayo anadhani imekufa. Chomoa waya, mimina supu kwenye chombo kingine, iache ipoe vizuri, sugua kitako, ndipo ujaribu tena.

Kwa sababu hiyohiyo unga, maziwa na jibini havitiwi mwanzoni. Jibini ya Masisi ikwanguliwe juu ya supu iliyokwisha sagwa, ndani ya bakuli, ambako itayeyuka bila kugusa kipashio. Maziwa yaliyochemshwa yaongezwe wakati huohuo. Nyama ichemshwe kando mpaka iive, mfupa uondolewe wote. Kipande kidogo cha mfupa kinatosha kupindisha kisu.

Umeme ukikatika katikati, mashine nyingi husahau zilipofikia. Ukirudi baada ya dakika chache, anza upya bila kuhofia kuivisha mno. Usipoonyesha dalili ya kurudi, hamishia supu kwenye sufuria na umalizie kwenye makala mara moja. Supu ya uvuguvugu iliyokaa zaidi ya saa mbili ni shamba la vijidudu, na anayeilipia ni mtoto.

Kuhusu usafi na usalama: jagi na mfuniko visizamishwe kwenye beseni, kwa kuwa mota na viunganishi vya umeme viko humo. Tia maji ya moto na sabuni kidogo, bonyeza kitufe cha kusaga kwa nusu dakika, kisha chomoa waya na usugue kwa brashi ndefu, ukikumbuka visu. Mashine iliyonunuliwa Uingereza ina plagi ya miguu mitatu. Watu huifungia adapta ya miguu miwili na kuipoteza ardhi. Kwa chombo cha chuma chenye maji ndani hilo ni kosa la hatari. Mwite fundi abadilishe plagi na apime kama prizi yako ina ardhi kweli. Mashine iliyotoka Marekani mara nyingi ni ya volti 120, na kwenye 220 itaungua siku ya kwanza.

Inamfaa nani? Mzee asiye na meno, mgonjwa anayeanza kula tena, na mtoto aliyetimiza miezi sita. Kwa mtoto usiipike nyepesi. Supu ijae kijiko isitiririke, maana tumbo lake ni dogo na maji hayamjengi. Ongeza mawese, karanga zilizosagwa laini, au unga wa sambaza waliokaushwa.

Kama unaombwa na ndugu useme unataka kitu gani, ushauri wangu ni huu. Kwa nyumba yenye umeme wa kuaminika, omba kwanza sufuria ya presha ya umeme. Wati zake ni karibu sawa, lakini inapandisha joto la maji kupita nyuzi 110 hata Masisi, inapunguza moto yenyewe, na haifikishi saa moja kuivisha maharage yaliyolowekwa. Kazi hiyo ndiyo inayokula gunia la makala. Mashine ya supu ifuate baadaye. Na kwa nyumba ya kijijini yenye sola ya taa tu, usikubali kutumiwa hata moja kati ya hizo mbili; omba pesa ya jiko bora la kuni, na mboga zilizoiva uziponde kwa mwiko na kuzipitisha kwenye chujio.