Kompyuta Ikigoma, Tusome Kwanza Kumbukumbu Zake

Baadhi ya ofisi zetu hutumia kompyuta zenye mfumo wa Linux. Asubuhi moja, kompyuta inayotunza daftari la vikundi vya kuweka na kukopa ilikataa kufunguka. Mhudumu aliandika nywila sahihi, kioo kikawa cheusi kidogo, kisha akarudishwa palepale pa kuandika nywila. Fundi aliyeitwa alishauri tufute kila kitu na kuweka mfumo upya. Nakala ya mwisho ya daftari ilikuwa ya miezi mitatu nyuma, hivyo tuliomba kwanza tusome kumbukumbu.

Kumbukumbu ni maandishi ambayo mfumo na programu huandika vyenyewe, pamoja na saa, kueleza kilichofanyika na kilichoshindikana. Tulibonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja ili kupata kioo cha maandishi matupu, tukaingia kwa jina na nywila, kisha tukaandika amri hii:

journalctl -b -p err

Sehemu ya -b huonyesha yaliyotokea tangu kompyuta ilipowashwa, na -p err huacha maonyo madogo na kubakiza makosa. Mstari mmoja ulisema "No space left on device", maana yake diski imejaa. Amri ya df -h ilithibitisha: asilimia 100. Mfumo ulikosa hata nafasi ya kuandika mafaili madogo unayohitaji mtu anapoingia.

Kwa amri ya ls -lah tuligundua kuwa faili la .xsession-errors, ambalo nalo ni kumbukumbu, limekuwa kubwa mno. Tulisoma mistari yake ya mwisho kwa amri ya tail, tukaona programu moja ya printa ikirudia onyo lilelile bila kukoma. Tulifuta faili hilo, tukawasha kompyuta upya, tukaizuia programu ile isijiwashe. Daftari lilikuwa salama.

Tunawashauri yafuatayo:

1. Angalieni saa. Tafuteni kosa la kwanza tatizo lilipoanza, kwa kuwa yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake.

2. Msiogope kila onyo. Mistari yenye Gtk-WARNING mara nyingi haizuii kazi. Katika faili la Xorg.0.log, (EE) ni kosa, (WW) ni onyo na (II) ni taarifa tu.

3. Mnapoomba msaada, nakilini ujumbe neno kwa neno. Kusema "imegoma" hakumsaidii fundi.

4. Wekeni nakala ya daftari kila wiki, nje ya kompyuta hiyo. Safari hii ilikuwa diski iliyojaa; ingekuwa diski iliyokufa, kumbukumbu zisingeturudishia akiba za wanachama zilizoandikwa kwa miezi mitatu.