Kwaresima na Hesabu ya Nafsi

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya kuandama mwezi wa Ramadhani, hata katika mitaa ya Mji Mkongwe jirani kwa jirani wakawa katika mfungo, kila mmoja kwa kanuni za dini yake.

Kwaresima ni siku 40, Jumapili hazihesabiwi. Majivu ya kipajini huonekana na kila mtu. Lililo zito zaidi hufanyika faraghani. Mkatoliki huchunguza dhamiri yake, hujuta, huungama mbele ya padri, kisha hutimiza malipizi. Tangu Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, Kanisa humtaka muumini aungame walau mara moja kwa mwaka, naye padri haruhusiwi katu kuitoa siri hiyo. Kwetu sisi tuliolelewa vyuoni, toba haina mpatanishi. Lakini haki ya mtu haifutiki kwa machozi, sharti irejeshwe kwa mwenyewe. Hapo ndipo tunapokutana, maana Mkatoliki aliyeiba, akiungama, naye huagizwa kurudisha.

Viongozi wa umma nao wana ungamo lao: fomu ya tamko la mali. Hiyo yaweza kujazwa na mkono usiojiuliza lolote. Ndugu kiongozi aliyefunga, kwa Ramadhani au kwa Kwaresima, na ajiulize kabla ya magharibi: kile kiwanja cha wajane, yale mafuta ya gari la Serikali, ile barua ya mnyonge iliyolala mezani miezi mitatu, vyarudishwaje, na kwa nani?