Nafuu ya Kodi Katika Mshahara wa Mwalimu

Kodi ya mapato ya mwalimu aliyeajiriwa Tanzania Bara hukatwa kabla mshahara haujaingia benki. Mwajiri huikokotoa kila mwezi na kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na mwalimu huiona tu kwenye hati ya mshahara, katika mstari wa PAYE. Kwa kuwa fedha hizo hazipiti mkononi mwake, ni rahisi kuzichukulia kama jambo lisilobadilika. Lakini tangu mwaka 2016 kodi hiyo imepunguzwa zaidi ya mara moja, na si kila punguzo lililotangazwa kwa shangwe lilikuwa na uzito sawa mfukoni.

Hesabu huanza kwa kuondoa mchango wa pensheni. Mtumishi wa umma huchangia PSSSF asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na fedha hizo hazitozwi kodi. Kinachobaki hupitishwa kwenye ngazi. Shilingi 270,000 za mwanzo kwa mwezi ni huru kabisa. Kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kisha asilimia 20 hadi 760,000, asilimia 25 hadi milioni moja, na asilimia 30 kwa kinachozidi hapo. Kila kiwango hugusa fedha zilizomo ndani ya ngazi yake tu. Kwa hiyo hofu kwamba nyongeza ya mshahara inaweza kumpandisha mtu ngazi na kumwacha na fedha chache kuliko za mwezi uliopita haina msingi.

Mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa 800,000 hutoa 40,000 za pensheni, akabaki na 760,000 za kukokotolewa. Ngazi ya asilimia 8 inamtoza 20,000 na ile ya asilimia 20 inamtoza 48,000, jumla 68,000. Kabla ya Julai 2020, wakati kiwango huru kilipoishia 170,000 na asilimia 30 ilipoanza kugonga kwenye 720,000, mshahara huohuo ungekatwa 110,100.

Katika tofauti hiyo ya 42,100, karibu yote, yaani 39,600, ilitokana na kusogezwa kwa ngazi mwaka 2020. Zile 2,500 zilizobaki zililetwa na hatua iliyotangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan siku ya Mei Mosi 2021 jijini Mwanza, ya kushusha kiwango cha chini kutoka asilimia 9 hadi 8. Asilimia moja ya ngazi yenye upana wa 250,000 haiwezi kuzidi 2,500, na mkurugenzi anayelipwa mamilioni alipata 2,500 hizohizo. Mfanyakazi anayetaka kupima nafuu anayoahidiwa aangalie kwanza mipaka ya ngazi, ndipo aulize asilimia.

Mipaka hiyo ina ugonjwa wake: ikiachwa mahali pamoja, mishahara huipita. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kilikuwa 370,000, na Julai 2025 kikapanda hadi 500,000. Baada ya pensheni, aliyekuwa kwenye 370,000 alikatwa kodi ya 6,520. Kwenye 500,000 anakatwa 16,400. Mshahara umepanda kwa takriban asilimia 35, ilhali kodi imeongezeka mara mbili na nusu, kwa sababu zile 270,000 huru hazikuguswa. Mfanyakazi bado amepata nyongeza kubwa, na aliistahili, lakini sehemu yake imerudi serikalini kimyakimya.

Makato mengine hayana huruma hiyo ya pensheni. Mwalimu aliyesomeshwa kwa mkopo wa elimu ya juu hukatwa na Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na deni hilo halipunguzi kiasi kinachotozwa kodi. Kwa mwalimu wa 800,000 ni 120,000 kila mwezi, karibu mara mbili ya PAYE yenyewe. Ikiongezwa bima ya afya ya asilimia 3 na ada ya chama cha walimu ya asilimia 2, anayetajwa kuwa na mshahara wa laki nane huondoka na 532,000. Kijana aliyeanza kazi na deni la Bodi angefaidika zaidi kama marejesho yake yangeondolewa kabla ya kodi kuliko kwa punguzo lolote la asilimia moja.

Posho nazo zinawatenganisha walimu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaziacha nje ya kodi posho kadhaa za mtumishi wa serikali, zikiwemo za nyumba, usafiri, madaraka na mazingira magumu. Mwalimu wa shule binafsi hana msamaha huo. Akiwa tayari na 760,000 za kutozwa, posho ya nyumba ya 150,000 inamwongezea kodi ya 37,500, ingawa anafundisha mtaala uleule na kulipa pango katika mtaa uleule. Ni vigumu kuona haki katika tofauti hiyo.

Familia, kwa upande wake, haionekani kabisa katika jedwali la ngazi. Mume na mke ambao kila mmoja ana 760,000 za kutozwa hulipa 136,000 kwa pamoja. Nyumba inayotegemea mtu mmoja mwenye 1,520,000 hulipa 284,000, hata kama ina watoto wengi zaidi. Mwenza na watoto wametajwa kwingine katika sheria: matibabu au bima ya afya inayogharimiwa na mwajiri kwa mfanyakazi, mwenza wake na watoto wasiozidi wanne haihesabiwi kuwa mapato, mradi mwajiri aitoe bila ubaguzi.

Kenya imechukua njia nyingine. Huko kila mfanyakazi mkazi wa nchi hupunguziwa shilingi 2,400 za Kenya kwa mwezi kutoka kwenye kodi yenyewe iliyokwisha kukokotolewa. Juu yake kuna nafuu ya asilimia 15 ya malipo ya bima ya maisha, ya afya au ya elimu ya mtoto, isiyozidi 5,000 kwa mwezi. Bima ya elimu hukubaliwa ikiwa ni ya miaka kumi au zaidi. Mzazi wa Kenya anayewekeza karo ya baadaye kwa njia hiyo hurudishiwa sehemu na mfumo wa kodi, jambo ambalo mwenzake wa Tanzania hana. Na tangu Julai 2025 sheria ya Kenya inamlazimu mwajiri kuhesabu nafuu zote anazostahili mfanyakazi wakati wa kukata PAYE, ili asisubiri hadi atakapowasilisha ritani ya mwaka.