Neno "Nice" Lilizaliwa Jahili

Waingereza wana neno lao dogo, "nice", na siku hizi hata sisi twalitia kila mahali: chakula nice, mtu nice, arusi nice. Wengi hudhani maana yake ni "zuri", basi. Lakini maneno, wasomaji wapendwa, yana nasaba kama watu.

Asili yake ni Kilatini, nescius: asiyejua, yaani jahili. Likapita Ufaransa, likaingia Kiingereza kiasi cha mwaka 1300 kwa maana ya mpumbavu. Aliyekwita hivyo zama hizo hakukusifu, alikutukana! Baadaye likawa la mtu wa kuchagua-chagua, asiyeridhika upesi. Kisha likawa la jambo jembamba, lihitajilo jicho kali. Shakespeare, katika mchezo wa Romeo na Juliet, amelitumia kwa jambo dogo lisilo uzito. Maana ya kupendeza ilikuja nyuma, katika karne ya 18.

Ilipokuja, ikaenea kama moto wa makuti. Jane Austen, katika kitabu chake Northanger Abbey kilichotoka mwisho wa 1817, miezi michache baada ya kufariki kwake, amemfanya kijana Henry Tilney awafanyie mzaha wanaosifu kila kitu kwa neno hilo moja: kitabu, siku, matembezi, hata mabibi.

Basi, haya yatuhusu nini? Yatuhusu, kwani ile maana ya wembamba haijafa. Hakimu akisema kwa Kiingereza kuwa hoja ya sheria ni "nice", hakuisifu. Amesema ni nyembamba, yataka mizani ya sonara. Mkalimani akimwambia mdaawa, "Hakimu asema hoja yako ni nzuri," maskini atarudi kwake akifurahi, na kesi bado i juu ya makali ya wembe.

Nasi Kiswahili chetu kina hazina. Chakula ni kitamu, mtu ni mwema, sauti ni nyororo, rai ni ya busara, arusi imefana. Kila kitu kimepewa sifa yake. Tukivitia vyote katika kapu moja la "nice", au la "poa" la vijana wetu, basi mpishi, mcha Mungu na bwana arusi watasifiwa sawasawa, na hapana hata mmoja atakayejua amesifiwa kwa lipi.